KANDA ZA SUMAKU NA HIFADHI YA TAARIFA ZA OFISI

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mjini Unguja mbele ya wakuu wa masijala, wahasibu, makarani na wananchi waalikwa. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili watumishi wa Serikali wa Unguja na Pemba, pamoja na wananchi kwa jumla, wapate kuyasoma.)

Ndugu Mwenyekiti,
Wakuu wa Idara,
Watumishi wenzangu,
Wananchi waalikwa,



Nimetakiwa nizungumzie kanda za sumaku na mashine zake, yaani zile kanda zinazotumika kuhifadhia taarifa za kompyuta. Najua wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kanda ni kitu cha zamani kilichokwisha kazi yake. Nitajaribu kuonesha kwamba sivyo, na kwamba jambo hili linamgusa kila mtumishi mwenye jalada na kila mwananchi mwenye haki yake ndani ya jalada hilo.

Naomba nianze na kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ofisi ile ilikuwa na seva moja na kanda tano ndogo za aina ya DAT, kila moja imeandikwa jina la siku ya kazi, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi ya kubadilisha kanda ilikuwa yangu. Kila jioni nilitoa ya jana, nikatia ya leo, nikaweka saini katika daftari. Katika mashine ile palikuwa na taa ndogo ya manjano iliyokuwa ikimeta. Niliiona kila siku, na kwa kuwa ilimeta kila siku nilidhani ndiyo kawaida yake. Kumbe taa ile ilikuwa ikiomba kichwa cha mashine kisafishwe.

Siku diski ya seva ilipokufa, tulizileta kanda zote tano. Hapakuwa na hata moja iliyosomeka. Daftari langu lilikuwa limejaa saini, na kanda hazikuwa na kitu.

Wiki chache baadaye akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa skuli ya shamba, kufuatilia kiinua mgongo chake. Tulimwambia kuwa kumbukumbu za miaka yake ya mwisho kazini hazionekani. Mzee hakugomba. Alirudi kwake, na siku ya pili akaja na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na barua ya kuajiriwa, barua za kupandishwa daraja na stakabadhi za mshahara, zote zimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Kwa karatasi hizo ndipo tulipoweza kuijenga upya rekodi yake. Nilipokuwa nikizinakili aliniuliza: "Mwanangu, na yule asiyekuwa na kopo?"

Sikuwa na jawabu. Maelezo yangu ya leo ni katika kulitafuta jawabu hilo.

Kanda ya sumaku ni nini

Kanda ya sumaku ni utepe mrefu wa plastiki uliopakwa chembechembe ndogo sana za madini yanayoshika sumaku, zikiwa zimeshikiliwa na gundi maalumu. Utepe unapopita mbele ya kichwa cha mashine, kichwa hicho huzielekeza chembe upande huu au ule, na mpangilio wa chembe hizo ndio taarifa. Ukishapangwa hubaki vile vile bila ya kuhitaji umeme, mpaka uandikwe upya au uharibike.

Asili yake ni Ujerumani, ambako mwaka 1928 Fritz Pfleumer alijipatia hataza ya utepe wa karatasi uliopakwa unga wa chuma kwa ajili ya kurekodi sauti. Katika kompyuta za biashara na serikali, kanda iliingia mwaka 1951 pamoja na mashine ya UNIVAC, iliyopokelewa kwanza na Ofisi ya Sensa ya Marekani. Utepe wake ulikuwa wa madini, na mzito. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilitoa mashine yake nambari 726, iliyotumia utepe wa plastiki, na gurudumu moja liliweza kubeba kiasi cha megabaiti 2. Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo iliutia utepe ndani ya kasha la mraba linaloenea kiganjani. Kasha hilo, lililoitwa 3480, lilibeba megabaiti 200.

Kanda inayotumika zaidi maofisini hivi sasa ni ya aina ya LTO, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 kwa makubaliano ya makampuni matatu, Hewlett-Packard, IBM na Seagate. Ya kwanza ilibeba gigabaiti 100. Kizazi cha 9, kilichotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18, na kizazi cha 10 kilichotoka mwaka 2025 kilianza na terabaiti 30. Ndani ya kasha la kizazi cha 9 mna utepe wa mita 1,035, upana wake ni milimita 12.65, na juu ya upana huo mdogo hupita mistari 8,960 ya maandishi. Kichwa cha mashine huandika mistari 32 kwa wakati mmoja. Utepe ukifika mwisho, mashine hugeuza mwendo na kuandika ukirudi, mfano wa mkulima anayelima tuta kwenda na tuta kurudi.

Kwa wanaoshughulika na manunuzi, nina tahadhari moja. Juu ya kasha la kizazi cha 9 mtaona imeandikwa tarakimu 45. Hiyo ni hesabu ya taarifa zinazoweza kubanwa zikapungua ukubwa. Picha, kanda za video na nyaraka zilizopigwa picha kwa kawaida zimekwisha kubanwa tangu mwanzo, hazipungui tena. Hesabuni kwa 18, msije mkapungukiwa katikati ya kazi. Aidha, fahamuni kuwa gharama kubwa iko katika mashine, ambayo hufikia maelfu ya dola. Kanda yenyewe ni rahisi kwa kulinganisha, na ndiyo sababu taarifa zinavyozidi kuwa nyingi ndivyo kanda inavyozidi kuwa na nafuu kuliko diski.

Kwa nini kanda bado inahitajika

Ndugu Mwenyekiti, tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta cha Serikali ya Korea ya Kusini, katika mji wa Daejeon. Ulianzia katika betri za akiba ya umeme wakati zikihamishwa. Miongoni mwa vilivyoungua ni hifadhi ya pamoja iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi. Zilipotea terabaiti 858. Nakala nje ya jengo hapakuwa nayo, na sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi ile ilikuwa kubwa mno.

Naomba tuifanye hesabu hiyo pamoja. Terabaiti 858 zikigawiwa kwa 18 ni kanda 48. Kasha moja lina unene wa kiasi cha sentimita mbili na kidogo, kwa hivyo kanda 48 zikisimamishwa pamoja huchukua rafu yenye urefu wa mita moja. Mashine ya kizazi hicho huandika megabaiti 400 kwa sekunde, na kanda moja hujaa kwa saa 12 na nusu. Mashine moja ikifanya kazi bila kusita ingemaliza kwa siku 25, na mashine nne kwa wiki moja. Sisemi kwamba kazi ile ingekuwa nyepesi, maana nyaraka hubadilika kila siku, na nakala huhitaji watu, fedha na utaratibu. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu za serikali ya nchi tajiri, iliyoendelea sana katika fani ya kompyuta, zingeweza kukaa juu ya rafu ya mita moja katika mji mwingine.

Mfano wa pili ni wa heri. Mwezi wa Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, huduma ya kampuni ya Google. Kampuni ile huweka nakala katika vituo vingi, lakini kosa lilizifikia nakala hizo pia. Zilizonusurika ni zile zilizokuwa kwenye kanda, kwa sababu kanda ilikuwa imewekwa pembeni bila ya kuunganishwa na chochote, na kutoka huko barua zikarejeshwa.

Hapo ndipo penye siri ya kanda. Diski iliyounganishwa na mtandao hupatwa na linaloupata mtandao. Mwizi akiingia, au programu mbovu ya kudai kikombozi, hukifunga kila kinachofikika. Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilipopigwa na programu ya namna hiyo, seva zake za kuutambulisha mtandao ziliharibiwa takriban duniani kote. Moja ilipona, nayo ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na seva imezimika. Sisi tunaoyajua makatiko ya umeme tunaweza kutabasamu kwa habari hiyo. Lakini kampuni ile ilipona kwa bahati, na ofisi ya Serikali haipaswi kutegemea bahati. Kanda iliyotolewa katika mashine na kuwekwa kabatini imekatwa kwa makusudi.

Maadui wa kanda visiwani

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, kanda huoza. Ile gundi inayoshikilia chembe hunyonya maji yaliyomo hewani. Kanda nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya 1970 na 1980 zimeonekana kuwa na maradhi hayo. Gundi hulainika ikanata, utepe unapozungushwa hung'ang'ania kichwa cha mashine, na chembe hubanduka pamoja na taarifa. Kanda za leo zimetengenezwa kwa ubora zaidi, na watengenezaji huzitarajia kuishi hadi miaka 30, lakini kwa masharti. Kwa hifadhi ya muda mrefu hushauriwa joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50.

Sote tunaijua hali yetu. Bahari imetuzunguka, na wakati wa masika hata chumvi katika kibakuli hugeuka maji. Unyevu wa hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 70. Kwa hivyo chumba cha kanda hutegemea mashine ya ubaridi, na mashine ya ubaridi hutegemea umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena. Kanda haihitaji umeme ili ikumbuke, lakini chumba chake huhitaji umeme ili kibaki kikavu. Basi tusitegemee ubaridi peke yake. Kanda ziwekwe katika masanduku yanayofunga sawasawa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa kwa ratiba, na kipimo cha unyevu kiwemo ndani ya sanduku. Kanda iliyotoka chumba cha baridi, au iliyosafirishwa katika joto, isitiwe katika mashine siku hiyo hiyo. Iachwe kwa saa 24 izoee hewa ya chumba, maana umande ukiingia katika utepe hudhuru.

Adui wa pili ni kizazi. Barua za karne ya 19 zilizoko katika hifadhi ya nyaraka pale Kilimani zinahitaji macho na mtu anayejua hati na lugha yake. Kanda huhitaji mashine iliyo hai. Mashine za LTO za awali, hadi kizazi cha 7, ziliweza kusoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia. Kizazi cha 8 kikapunguza, kikasoma kimoja tu nyuma yake, na cha 10 hakisomi hata kanda za kizazi cha 9. Anayenunua mashine mpya na kuitupa ya zamani huenda akawa amezitupa na kanda zake bila ya kujua. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na kanda za picha za mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967. Picha hizo zimeweza kurejeshwa kuanzia mwaka 2008 kwa sababu mtunza kumbukumbu Nancy Evans alikubali kuzihifadhi mashine chakavu za aina ya Ampex FR-900 katika banda la gari nyumbani kwake kwa miaka mingi. Angekataa, kanda zingekuwapo na asiwepo wa kuzisoma.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe. Shirika hilo hilo lilipozitafuta kanda za awali zilizopokea mawasiliano ya safari ya Apollo 11, ile iliyomfikisha mwanadamu mwezini mwaka 1969, lilieleza mwaka 2009 kuwa kwa kila dalili zilifutwa na kutumiwa tena pamoja na kanda nyingine nyingi. Hazikuibiwa wala hazikuungua. Ilihitajika kanda tupu, na zile zikachukuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Yanayopaswa kufanywa

Kwa hayo, naomba kuzipendekezea ofisi zetu mambo yafuatayo.

Kwanza, kila taarifa muhimu iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae mahali pengine. Mahali pengine si chumba cha pili cha jengo lile lile. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililosimama tangu mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na roho za watu zikapotea. Sisi tumejaaliwa visiwa viwili. Nakala ya Unguja ivuke bahari ikae Pemba, na ya Pemba ikae Unguja.

Pili, kila kanda iwe na nambari, na daftari lioneshe imeandikwa lini, na nani, kwa mashine ya kizazi gani na kwa programu gani, ina nini, iko wapi, na isifutwe kabla ya tarehe ipi. Daftari hilo liwe na nakala ya karatasi.

Tatu, kila baada ya muda maalumu kanda moja ichaguliwe bila ya kuteuliwa kabla, na mafaili yake yarejeshwe katika kompyuta nyingine, yafunguliwe na yasomwe kwa macho. Saini katika daftari ithibitishe kuwa kanda imesomeka. Kuibadilisha tu hakutoshi, na hili nalisema kwa uchungu, kama mlivyokwisha kusikia.

Nne, kichwa cha mashine kisafishwe kwa kanda ya kusafishia pale mashine inapoomba. Taa inayometa isizoeleke.

Tano, kabla ya mashine ya zamani kuondolewa, kanda zake zote zihamishiwe katika kizazi kipya na zihakikiwe. Kazi hiyo iwekwe katika bajeti tangu siku ya kununua mashine.

Sita, kanda zinazosafirishwa zifungwe kwa maandishi ya siri. Mashine za LTO tangu kizazi cha 4, cha mwaka 2007, zinaweza kufanya hivyo. Lakini ufunguo wake uhifadhiwe na maofisa wasiopungua wawili, mahali mbali na kanda. Ufunguo ukipotea, kanda nzima ni sawa na kanda iliyoungua.

Kwa wananchi mliohudhuria, nanyi nina ombi. Msitupe karatasi zenu. Hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa, barua ya kuajiriwa na stakabadhi ziwekeni pakavu. Na mnapofika ofisini mkaambiwa taarifa hazionekani, ulizeni kwa adabu: nakala yake iko wapi, na lini ilisomwa kwa mara ya mwisho? Mtumishi mwenye utaratibu hatochukizwa na suala hilo.

Ndugu Mwenyekiti, yule mwalimu alilipwa haki yake. Alilipwa kwa sababu yeye aliitunza kumbukumbu ya Serikali vizuri kuliko Serikali yenyewe, katika kopo la biskuti. Lakini suala lake lilikuwa juu ya yule asiyekuwa na kopo. Yuko mjane asiyejua kusoma, yuko mvuvi ambaye nyumba yake iliungua, yuko mtoto ambaye wazazi wake wamefariki. Hao hawana kopo isipokuwa sisi. Kanda iliyoandikwa vizuri, ikawekwa pakavu, ikavushwa bahari na ikasomwa kwa wakati wake, ndiyo kopo lao.